Pendulamu ya Nyama ya Moshi

Hapa Baja, mji wetu mdogo wa Hungaria, hakuna siri inayokaa kwenye kiti cha saluni yangu ikaondoka na nywele zake zote. Ndiyo maana habari ya Gellért na mtihani wa fizikia naijua kuliko hata wale waliompa maksi. Gellért ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kijana mrefu kama mlingoti, analelewa na babu yake, mzee Vendel. Na aliyezusha zogo lenyewe ni Emőke, mtoto wa kaka yangu, anayekaa kwangu tangu aanze sekondari hapa mjini, maana kijijini kwao basi linapita likijisikia.

Gellért alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kuendesha treni. Si kupanda treni, kuendesha. Chuo cha madereva wa treni kilishamkubali, kikaweka sharti moja: alete cheti cha kuhitimu sekondari. Masomo mengine alikwisha kuyavuka, haya kwa kuruka, yale kwa kutambaa. Ilibaki fizikia ya mdomo. Akiiangusha hiyo, nafasi yake anapewa mtu mwingine, na yeye anakwenda kubandika vigae vya bafuni na ami yake. Mnamjua ami yake? Basi kama hamumjui, shukuruni. Yule bwana anaongea kuanzia kigae cha kwanza mpaka cha mwisho.

Sasa Gellért na fizikia walikuwa kama paka na maji. Lakini Mungu hamnyimi mtu vyote. Kijana ana kichwa cha kukariri ambacho sijapata kukiona. Atakutajia vituo vyote vya reli kutoka hapa mpaka Budapest, kisha akutajie kwa kurudi nyuma, huku anakula. Kwa hiyo mada zote za mtihani alizikariri hivyohivyo, kama vituo. Alikuwa anauzunguka mcherry, ule mti wa matunda wa uani kwao, akiimba fizikia kwa sauti, mpaka mwezi wa sita ulipofika mtaa mzima ulikuwa umehitimu. Mke wa mwoka mikate alikuja kutiwa rangi nywele, nilipomwambia kaa mbali na dirisha kuna jua, akaniambia, "Najua, Ilonka, joto husafiri kwa njia tatu."

Mtihani wa mdomo kwetu unakwenda hivi. Mwalimu anatangaza mada mapema, zote ishirini. Siku yenyewe, karatasi zinalazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha kijani, mtoto anaokota moja, anakaa kujiandaa wakati mwenzake anaongea, halafu anasimama mbele ya wakubwa, anaongea na kufanya jaribio kwa mikono yake. Na darasa lina desturi yake: mada zinagawanywa. Huyu anaandika hii, yule ile, kisha kila mmoja ananakili kazi za wenzake. Nani atasoma kitabu kizima wakati ana marafiki?

Emőke alipewa mada ya pendulamu, kile kitu kinachoning'inia kwa uzi na kubembea. Alikuwa bado mgeni darasani, wenyewe wanamwita "msichana wa ng'ambo", kwa sababu kijiji chao kiko upande wa pili wa mto Danube. Kupewa mada ilikuwa ni kupewa kiti. Akaamua hatanakili kitabuni kama wengine. Mwalimu wao, Bodrogi, ana wimbo mmoja: msiniletee maneno, tazameni kwa macho yenu. Basi Emőke akataka kutazama.

Ilikuwa mwezi wa tatu. Alihitaji kitu kizito na kitu chepesi, na mahali pa kuvining'iniza. Wapi tena kama si stoo ya mzee Vendel? Mzee yule huchinja nguruwe wake kila majira ya baridi, anatundika paja zima darini kwenye moshi, halafu anakaa kulitazama mpaka kiangazi kama mtu aliyejenga kanisa.

"Mzee Vendel, niazime paja lako."

"Ulile?"

"Nilibembeze."

Mzee akanigeukia mimi. "Ilonka, huyu mtoto unampa nini asubuhi?"

Lakini akakubali, maana hakuna mwenye nyama nzuri asiyetaka itazamwe. Wakafunga paja kwa kamba, wakafunga kitunguu kwa uzi, kamba na uzi vikapimwa kwa futi ya fundi, sawa kwa sawa. Gellért akashika saa. Mimi nilisimama mlangoni na nywele za mteja zikiningoja ndani, si nilitaka kuona. Wakaachia. Kitunguu kikaenda huku na huku kwa haraka zake, na paja likaja nyuma yake polepole, kama mke wa meya anaingia arusini. Wakarudia. Vilevile. Wakarudia tena, na mzee mwenyewe akahesabu kwa sauti. Paja likachelewa.

"Si nilisema!" alisema mzee Vendel, ingawa hakuwa amesema kitu. "Kilicho kizito hakina haraka. Nitazameni mimi."

Emőke akaandika: kitu kizito huenda polepole, kitu chepesi huenda haraka. Akachora na picha. Darasa zima likanakili, likamsifu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita wa ng'ambo tena. Na Gellért akaiweka kichwani, kati ya mada ya kumi na ya kumi na mbili, kama kituo kingine cha reli.

Basi ikafika siku ya kuamkia mtihani. Alasiri ile joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Emőke alitoka na baiskeli kwenda kupunga upepo kando ya Sugovica, kile kijito cha Danube kinachopita katikati ya mji. Pale kuna uwanja wa watoto. Kwenye bembea mbili zilizo pamoja alikuwa amekaa baba mmoja, mnene, wa haja, na pembeni yake binti yake, kitu cha kubeba kwa mkono mmoja. Wanabembea. Na wanakwenda pamoja. Baba mbele, mtoto mbele. Baba nyuma, mtoto nyuma. Minyororo inalia kwa pamoja.

Emőke alisimama pale akawakodolea macho, mpaka yule baba akamwuliza, "Dada, unasubiri zamu?"

Alirudi nyumbani akiwa mwekundu kama paprika. Hakunisalimu. Alifungua kitabu, kile kitabu ambacho hakuna aliyekifungua mwaka mzima, akatafuta pendulamu, akasoma, akaketi sakafuni.

"Shangazi, nimewapoteza wote."

"Nani?"

"Darasa. Uzito hauhusiki kabisa. Ni urefu tu."

"Lakini tuliona!"

"Tuliona, ndiyo. Tulipima kamba, shangazi. Tukasahau kwamba paja lenyewe ni refu kama mkono wangu. Uzito wake uko chini huko, kwenye unene. Kitunguu kinaishia palepale kwenye fundo. Pendulamu ya paja ilikuwa ndefu kuliko ya kitunguu, na sisi tukasema ziko sawa."

Mimi ni msusi, lakini hilo nililielewa. Ukitaka kujua urefu wa nywele huishii kwenye kibanio.

Akaandika kwenye simu, kwa darasa zima, bila kujitetea: nimekosea, futeni, andikeni hivi. Majibu yakaja kama mvua ya mawe. Mmoja alimwandikia, "Asante, Profesa Nyama." Mwingine, "Heri tungemwuliza nguruwe." Alikuwa anasoma huku anauma kucha, lakini wote walikuwa wamepata habari. Wote isipokuwa mmoja. Simu ya Gellért ilikuwa imefungiwa kabatini na babu yake, ufunguo shingoni, mpaka mtihani upite.

Na kutoka uani kwao, juu ya ukuta, sauti ilikuwa inakuja: "...kitu kizito huenda polepole, kitu chepesi huenda haraka. Mada ya kumi na mbili: mwanga..."

"Nisipomwambia je?" Emőke aliniuliza. "Mada ni ishirini. Huenda asiiokote."

"Huenda."

"Na nikimwambia, atavurugika. Unamjua alivyo. Ukichomoa tofali moja nyumba yote inakuja."

"Namjua."

"Shangazi, nisaidie basi!"

"Mwanangu, mimi nikikuambia usimwambie, kesho akiokota hiyo utanichukia mpaka naingia kaburini. Vaa viatu."

Tulimkuta anazunguka mcherry, macho kayafumba. Emőke akasimama njiani mwake, wakagongana.

"Gellért, mada ya kumi na moja nimeiandika vibaya."

Gellért akafumbua jicho moja. "Unatania."

"Sitanii."

"Emőke, niangalie. Hiki kichwa kimejaa mpaka kwenye nyusi. Ukigusa tu, kinamwagika. Toka."

"Kizito na chepesi vinakwenda sawa."

"Niliona kwa macho yangu! Nilishika saa mimi!"

Hapo mzee Vendel akatokea mlangoni na kisu cha kumenyea. "Nani anasema nyama yangu imedanganya?"

"Nyama haijadanganya, babu," Emőke alisema. "Sisi ndio tuliikosea."

"Nyama yangu imetundikwa na baba yangu, na mimi, na..."

"Baba yako alimtundika nguruwe huyuhuyu?" nilimwuliza.

"Wewe Ilonka nyamaza, kachane watu."

Kelele zikawa kelele. Mke wa mwoka mikate akachungulia, akaingia. Bwana wa posta mstaafu akaja na kiti chake mwenyewe, yule hachelewi shughuli. Uani pakajaa, mtu akaleta soda, mtu akaleta cherry ambazo zilikuwa ni za mti uleule wa uani. Na paja likatolewa stoo, lilikuwa limeliwa upande mmoja lakini bado lina heshima zake, likafungwa kwenye tawi. Kitunguu pembeni, kamba sawa, kama zamani. Wakaachia. Paja likachelewa.

"Haya!" akasema mzee Vendel, akapiga makofi.

"Sasa ngoja, babu." Emőke akaufungua uzi wa kitunguu, akaurefusha, mpaka kitunguu kikaning'inia usawa wa unene wa paja, bega kwa bega. Hata bwana wa posta aliacha kutafuna. Wakaachia.

Vikaenda pamoja. Karibu pamoja kabisa, kama maharusi wawili wenye viatu vipya. Huku, huku. Huku, huku. Tulivitazama mpaka vikachoka vyenyewe.

"Umeloga kitunguu," alisema mzee Vendel, lakini kwa sauti ndogo.

Gellért alikwenda mwenyewe akafupisha uzi, akaachia. Akaurefusha, akaachia. Akafunga cherry moja badala ya kitunguu, usawa uleule. Cherry, kitu kidogo hivyo, ikatembea na paja zima la nguruwe kama mtoto na baba yake. Akaishika kwa vidole akaiangalia.

"Kwa hiyo ni kutoka juu mpaka katikati ya kitu," alisema. "Si mpaka kwenye fundo."

"Ndiyo!"

"Ebo." Kisha uso ukambadilika. "Na kesho nitasemaje sasa? Nikifika pale mdomo wangu unajua njia moja tu. Umenifanyia nini wewe?"

Akaila ile cherry kwa hasira, akaingia ndani, akafunga mlango. Emőke alibaki ameshika kamba.

Kesho yake nilikuwa shuleni mapema. Kwetu akina mama na mashangazi wa darasa ndio wanaolisha kamati ya mtihani, na hapo hakuna utani: kamati iliyoshiba haina visirani. Meza yetu ilikuwa ukumbini, hatua chache kutoka mlango wa chumba, na mlango waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Nilijipa kazi ya kumimina kahawa upande wa mlangoni. Wengine waligombea kazi ya keki, waache wagombee.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama kutoka Szeged, miwani kwenye mnyororo, mgongo umenyooka kama rula. Pembeni yake mwalimu Bodrogi anajifuta jasho. Emőke alishaokota yake, mambo ya sumaku, anajiandaa kwenye dawati la nyuma. Gellért akaitwa. Akapeleka mkono juu ya kitambaa cha kijani, akausogeza kushoto, akaurudisha kulia, akaokota.

"Namba?" mwenyekiti aliuliza.

"Kumi na moja."

Nilimwaga kahawa kwenye sahani. Emőke nilimwona kichwa kinazama kati ya mabega kama kobe.

Alipomaliza kujiandaa, Emőke akiwa bado anaandika, akasimama mbele. Mezani palikuwa na mpira wa chuma na mpira wa mti, kila mmoja na uzi wake, umening'inizwa vizuri na Bodrogi. Gellért akafumba macho. Nikajua. Anapofumba macho, treni imeshaondoka.

"Pendulamu ni kitu kinachoning'inia kwa uzi na kubembea huku na huku," akaanza, kwa wimbo wake uleule wa chini ya mcherry. "Muda wa kwenda na kurudi hutegemea urefu wa uzi na uzito wa kitu. Kitu kizito huenda polepole, kitu chepesi huenda haraka."

Bodrogi akaacha kujifuta jasho. Emőke akafunika uso.

"Kwa hiyo wa chuma utachelewa," alisema mwenyekiti.

"Ndiyo, mama."

"Hebu tuone."

Gellért akafumbua macho, akavuta mipira yote miwili, akaachia. Ikaenda pamoja. Akaikamata, akaachia tena. Pamoja. Chuma na mti, huku, huku.

"Haya, kijana. Nimwandikie nani maksi? Mdomo wako au mkono wako?"

Nilisikia nzi kwenye keki. Nilijisemea, vigae vya bafuni, hivyooo vinakuja.

"Mkono, mama," alisema Gellért. "Mdomo umetangulia. Ya mdomo nilikariri zamani, ya mkono nimeyajua jana."

"Jana?"

"Mwanzo tulipima nyumbani, mama. Kwa paja la nguruwe na kitunguu."

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwenyekiti akavua miwani. "Paja la nguruwe."

"La moshi, mama. Kamba zilikuwa sawa, na paja likachelewa, kweli kabisa, si uongo. Tukasema ni kwa sababu ya uzito. Lakini paja ni refu. Tulipima kamba tukasahau kupima nyama. Urefu unahesabiwa kutoka unapofungia juu mpaka katikati ya uzito, na katikati yake iko chini sana. Hii mipira ya mwalimu ni midogo, na kaipima mpaka katikati, ndiyo maana inakwenda pamoja."

Alikuwa anaongea macho wazi. Bila wimbo. Nilimwona Bodrogi anasogea mbele kwenye kiti.

"Na ukitaka kitunguu chako kiende taratibu kama paja?"

"Narefusha uzi wake. Nilifanya. Hata kwa cherry nilifanya."

"Ukiliuma paja upande mmoja?"

Gellért akafikiri. "Inategemea upande, mama. Babu yangu analila kutoka chini, kwa hiyo kila wiki linaongeza kasi."

Hapo hata mama wa Szeged alicheka, kicheko kimoja, kifupi, kama mtu aliyepiga chafya. Kisha akajirekebisha. "Na nani huyo aliyewafundisha kwamba kizito kinachelewa?"

"Tulikosea, mama. Sote."

Nyuma kule kiti kikakwaruza sakafu. Emőke alikuwa amesimama. "Ni mimi, mama mwenyekiti. Mimi ndiye niliyeandika. Yeye hana..."

"Binti, kaa chini! Hii si zamu yako."

"Ndiyo, lakini kosa ni..."

"Neno jingine moja nakutoa nje na sumaku zako!"

Akakaa. Nilitaka kuingia nimkumbatie, nikakumbuka nimeshika birika.

Matokeo yalisomwa mchana, darasa zima limejipanga na mashati meupe yaliyolowa migongo. Sumaku za Emőke, tano, maksi ya juu. Wale waliomwita Profesa Nyama walipiga makofi wakiita jina hilohilo, na naona mwenyewe kalipenda. Gellért, tatu. Mwalimu Bodrogi alituambia baadaye kwamba mwanzo wake ulikuwa wa moja, na moja ni kufeli, na mwisho wake wa tano, wakachukua katikati. Mzee Vendel, aliyekuwa amesimama ukumbini na kofia mkononi, alipiga kelele: "Tatu inatosha? Tatu inatosha treni?"

"Inatosha, babu!"

"Basi lete shingo nikupe simu yako."

Ufunguo ulikuwa shingoni kwake yeye, si kwa mjukuu, na kabati lilikuwa nyumbani; mzee alichanganyikiwa kwa furaha. Nikampa Gellért simu yangu. Akapiga chuo cha treni palepale, kati ya sahani za keki, kidole kimoja kwenye sikio.

Dada wa huko alimwuliza kitu kimoja tu, nilimsikia mwenyewe: umepita au hukupita?

"Nimepita," alisema Gellért. "Lakini subiri, dada, usikate. Una kitunguu hapo karibu?"